Shamba la Kugawana: Namna ya Kulitafuta na Kulichagua Pasipo Kuleta Matata

  

Leo tunazungumza juu ya shamba. Si shamba uliloachiwa na baba yako, bali shamba la mwenyeji, lile unaloomba ulime sehemu yake kisha mgawane mavuno, au ulilipe kwa namna nyingine. Tangu vita vya Masisi vya mwaka 1993, kisha vile vya 1996 na 1998, mpaka vya 2012 na vya 2025, watu wa Kivu wamejua kukimbia ni nini. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 kambi zilizozunguka mji wa Goma zilibomolewa, watu maelfu na maelfu wakashika njia tena. Wako waliofika kwao na kukuta shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Wako wasioweza kurudi, wakabaki kwa wenyeji ambao nao chakula kimewaishia.

Mgeni siku ya kwanza mnampa chakula, lakini siku ya tatu mnampa jembe. Hiyo methali ninyi nyote mnaijua. Lakini jembe bila udongo ni chuma tu. Basi udongo unatafutwa wapi, kwa nani, na kwa mapatano gani? Hapo ndipo matata yanapoanza, na tumeona matata ya shamba dogo la maharagi yakichoma kijiji kizima.

Kwanza mjue kwamba kila pahali pana desturi yake. Usifikiri desturi ya kwenu ndiyo ya watu wote. Katika Bushi, wazee wanajua mapatano mawili yasiyofanana hata kidogo. Kalinzi ni haki ya kudumu: zamani mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa udongo, na watoto wake wakarithi. Bwasa ni ya muda tu, msimu mmoja au mwaka. Anayepokea shamba kwa bwasa analima maharagi, mahindi, viazi vitamu. Hana ruhusa ya kupanda migomba, kahawa wala miti. Kwa Wanande wa Lubero na Beni, mwenye kulima anapeleka kila mwaka sehemu ya mavuno kwa mkubwa wa udongo, ndiyo wanaita vusoki. Katika konsesioni kubwa za Masisi na Rutshuru, wako wengi wanaolipa kwa mikono yao: siku fulani kila juma wanafanya kazi katika shamba la bwana, na kazi hiyo wanaiita salongo.

Angalieni jambo la migomba na miti, maana watu wengi waliokimbia hawalijui, na linawaponza. Kwako wewe mgomba ni chakula cha watoto. Kwa mwenye shamba, mgomba ni alama ya mtu asiyetaka kuondoka. Ukipanda mikaratusi mitano kando ya shamba uliloazimwa, hata kama ni kwa ajili ya kuni, yeye anaona umeweka mpaka. Atakuchukia, na majirani watamwunga mkono. Sitasema ana haki kila mara, lakini woga wake ninaufahamu. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni wa Leta. Juu ya mashamba ya vijiji iliahidi katika kipengele cha 389 kwamba amri ya Rais itapanga haki za wenyeji. Miaka makumi ikapita bila amri hiyo kutoka. Ndiyo maana mlimaji asiye na karatasi anaushika udongo wake kwa desturi tu, kwa mashahidi na kwa miti aliyoipanda babu yake. Mtu wa namna hiyo anaogopa upesi.

Sasa, kutafuta. Anza na jamaa iliyokupokea. Si kwamba wao wana udongo wa kutosha, mara nyingi hawana, lakini wanajua nani ana shamba linalolala, mjane gani hana nguvu za kulima lote, mwalimu gani ana kipande asichokigusa. Kisha nenda kwa shefu wa kijiji, au kwa nyumba kumi kama uko mjini, umwambie waziwazi kwamba unatafuta pa kulima. Uliza pia parokia au kanisa, na shule: wana mashamba, na kwa kawaida wanajua mipaka yao. Lakini mtu anayekukaribia sokoni akisema, "Niko na shamba, lete feza leo, kesho mwingine atalichukua," huyo muogope. Anayekukimbiza hataki uulize.

Maswali ya kuuliza ni matatu. Shamba ni la nani? Nani alililima msimu uliopita? Na huyo aliyelilima yuko wapi sasa? Swali la tatu ndilo zito. Likijibiwa, "Alikimbia," simama hapo hapo. Huenda shamba unalopewa ni la mtu kama wewe, aliyelala pahali pengine usiku huu akifikiri juu ya muhogo wake. Kesho amani ikirudi, atakukuta ndani. Wewe utasema ulilipa, yeye atasema hakumpa mtu ruhusa, na aliyepokea feza atakuwa kimya. Tafuta pengine. Kama hakuna pengine kabisa, usichukue shamba hilo kwa siri. Nitarudi juu yake nitakaposema na washefu.

Kisha tembea kwenye mipaka pamoja na mwenye shamba na majirani wawili, mmoja wa kila upande. Usikubali kuonyeshwa shamba kwa kidole toka barabarani. Majirani wakiguna au wakitazamana, uliza sababu. Wakitembea nanyi kwa amani na kuonyesha, "Mpaka ni jiwe hili, ni mti ule," hao ndio mashahidi wako wa kesho.

Namna ya kusema na mwenye shamba nayo ina uzito. Usiende peke yako, nenda na mkubwa wa nyumba iliyokupokea. Sema kwa heshima, lakini usijidharau: "Mzee, sisi ni wageni wa Mama huyu. Tunaomba kulima kwako msimu huu wa maharagi. Tukivuna, tunakurudishia shamba lako. Tuambie masharti yako, nasi tutasema tunaloweza." Neno "tunakurudishia" analingoja yeye tangu ulipoingia. Liseme wewe kwanza, kabla hajaliuliza.

Juu ya udongo wenyewe sitakaa sana, maana ninyi ni walimaji. Angalieni kama majani ya porini yamestawi au kama ni nyasi nyembamba ngumu tu. Ulizeni shamba lilitoa nini mwaka jana. Angalieni mteremko, maana katika milima yetu shamba zuri lisilo na mifereji linaweza kushuka bondeni kwa mvua moja. Kwa muhogo, usipande miti ya muhogo uliyopewa kabla ya kuangalia majani ya mama yake. Majani yakikunjamana na kuwa na madoa ya njano na kijani, hiyo ni mozaiki, iache. Shamba la kinamama watupu linalotaka mwendo wa saa mbili kupita porini, hata likiwa jeusi kama mkaa, mimi nasema si shamba zuri. Hesabuni njia ya kwenda, njia ya kurudi na mzigo kichwani, na nani amesimama kwenye njia hiyo.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa watu wanadanganyika bila mtu kuwadanganya.

Tuseme umepata shamba la hatua kubwa 50 kwa 20. Hatua kubwa ya mtu mzima ni karibu meta moja, basi hiyo ni are 10. Kulipanda maharagi mafupi kunataka mbegu kilo 6 hata 8, tuchukue 7. Katika milima ya Kivu, bila mbolea ya duka, hekta moja hutoa karibu kilo 500 hata 800 za maharagi. Basi shamba lako laweza kutoa kilo 50 hata 80, kama mvua ni nzuri. Tuchukue 70.

Mwenye shamba anakuambia uchague: ulipe kilo 20 vyovyote itakavyokuwa, au mgawane nusu kwa nusu. Mbegu ni yako. Mwaka mzuri, ukilipa 20 na kutoa mbegu yako 7, unabaki na 43. Ukigawa nusu, unapata 35, toa mbegu, unabaki na 28. Basi watu wanasema haraka: afadhali kulipa 20. Ngojeni. Mvua ya mawe inaanguka wakati wa maua, shamba linatoa kilo 30 tu. Ukilipa 20 na kutoa mbegu, unabaki na 3. Ukigawa nusu unapata 15, toa mbegu, unabaki na 8. Na kama shamba limetoa 20 peke yake? Yule wa malipo yaliyokatwa anapeleka yote kwa mwenye shamba, na mbegu yake kilo 7 imepotea. Yule wa nusu anabaki na 3. Ni kidogo sana, lakini hana deni.

Kwa hiyo jamaa iliyokimbia, isiyo na akiba wala ng'ombe wa kuuza, mimi naishauri kugawana. Anayekuja na feza kidogo mkononi na kazi nyingine mjini anaweza kujaribu malipo yaliyokatwa. Na katika kugawana, ombeni jambo moja zaidi: mbegu itolewe kwanza, kisha kinachobaki kigawanywe. Mwaka ule wa kilo 30, ukitoa mbegu 7 zinabaki 23, nusu yake ni kilo 11 na nusu, si 8. Mwenye shamba mwenye akili hukubali, kwa sababu asipokubali, msimu ujao hutakuwa na mbegu, na shamba lake litalala.

Msijidanganye tena juu ya mavuno. Kilo 28, jamaa ya watu 6 ikipika kilo moja kwa siku, zinakwisha kwa majuma manne. Shamba moja la namna hii halilishi nyumba. Ndiyo maana pandeni lengalenga pembeni, maana mnaanza kula baada ya majuma matatu au manne, wakati maharagi yanangoja miezi mitatu. Mahindi ni miezi minne au mitano, na viazi vitamu karibu hivyo hivyo. Muhogo unataka mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo usipande muhogo katika shamba ulilopewa kwa msimu mmoja, isipokuwa mmepatana mbele ya watu juu ya siku ya kuuvuna. Matata mengi ya muhogo yanatoka hapo: msimu umekwisha, muhogo bado, mwenye shamba anataka udongo wake, mgeni anataka chakula chake, na wote wawili wanasema kweli.

Jambo hili la nani abebe hasara si letu peke yetu. Katika Japani, kuanzia miaka ya 1970, jamaa za mijini zilianza kupatana moja kwa moja na walimaji, mapatano wanayoyaita teikei. Mjini Geneva, katika Uswisi, shamba la Les Jardins de Cocagne lilianza namna hiyo mwaka 1978. Marekani walianza mwaka 1986. Ufaransa, mwaka 2001, yakaanza yale yanayoitwa AMAP. Jamaa inalipa mbele, kabla ya mbegu kuingia udongoni, kisha kila juma inapokea kikapu cha mboga. Mvua ya mawe ikipiga, kikapu kinakuwa chepesi, na hakuna anayemdai mlimaji. Kule ni inchi tajiri, najua, na wanaolipa hawalali na njaa. Lakini sikilizeni namna walivyofanya: hasara waliigawa kabla haijafika.

Hapa kwetu kazi hiyo yaweza kufanywa na watu wasio na nguvu za kulima. Mjane mzee, au mama mwenye biashara ndogo ya chumvi sokoni, anatoa kilo mbili za mbegu au feza ya jembe kwa kundi la walimaji, na siku ya mavuno anapata sehemu yake pamoja nao. Mavuno yakiwa madogo, sehemu yake nayo inapungua. Msifananishe na yule mfanyabiashara anayekuja kununua maharagi yangali na maua, kwa bei ya kukuua. Yule habebi hasara yako hata kidogo. Msimu ukiwa mbaya, anadai vilevile.

Mkisha patana, andikeni. Karatasi ya kaye ya shule inatosha. Wengine wanaona aibu, wanasema kuandika ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume: anayeandika anamwondolea mwenzake woga. Mwenye shamba anaogopa hutatoka, nawe unaogopa kufukuzwa maharagi yakianza kukomaa. Karatasi moja inajibu woga wote wawili. Iandikwe maneno kama haya:

"Leo tarehe 10 mwezi wa 9, mimi (jina), mwenye shamba lililo (pahali), nawapa (jina la mama) na (jina la baba) sehemu ya hatua 50 kwa 20, kutoka jiwe la mpaka mpaka mti wa parachichi. Watalima maharagi na mboga, msimu mmoja, mpaka tarehe 31 mwezi wa 1. Hawatapanda miti wala migomba. Mbegu ni yao, itatolewa kwanza; yanayobaki tutagawa nusu kwa nusu, shambani, mbele ya shahidi. Sitawatoa kabla hawajavuna walichopanda. Mvua ikiharibu yote, hakuna deni."

Kisha majina na vidole vya wawili hao, vya majirani wawili, na vya shefu. Mfanye karatasi tatu zinazofanana: moja kwa mwenye shamba, moja kwenu, moja kwa shefu. Jina la mama lisikose. Ndiye anayelima mara nyingi, na baba akifa au akipotea vitani, tumeona wajane wakiambiwa, "Sisi tulipatana na mume wako." Sheria iliyogeuza Kodi ya Familia mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ile lazima ya mwanamke kuomba ruhusa ya mume, sasa mume na mke wanapaswa kupatana wote wawili. Basi na waandikwe wote wawili.

Neno "shambani" katika karatasi ile si la bure. Mavuno yanayogawiwa nyumbani kwa mmoja huleta maneno. Yagawiwe shambani, mchana, kwa ndoo moja ileile: ndoo yako, ndoo yangu. Na mtu asivune usiku, hata kama ni kwa njaa. Ikiwa njaa imefika kabla ya wakati, mwambie mwenye shamba, mkate kidogo pamoja na kuandika.

Nanyi washefu, wazee wa baraza na kamati za upatanisho, neno letu kwenu ni fupi lakini lisiwaudhi. Wakimbizi wakija wengi, bei ya shamba inapanda, na mtu mmoja anaweza kupokea malipo ya watu wawili kwa shamba moja. Mkiwa na kaye ambamo kila mapatano yameandikwa, jambo hilo litaonekana siku ileile. Chupa ya kasiksi ya kumshukuru shefu ni desturi, hatuipingi. Lakini mbuzi anayetakiwa kwa mtu aliyefika na sufuria moja si desturi, hata akiitwa jina la desturi. Msiulize kabila kabla ya kuuliza majina ya watoto. Na msimwache kijana wa mwenye shamba aje kufukuza wageni akisema baba yake alikosea: kama baba alitia kidole, walimaji wavune kwanza, kisha kijana alete shauri lake barazani.

Juu ya mashamba ya waliokimbia, nilisema nitarudi. Shamba likilala miaka, nyasi zinalifunika na mipaka inapotea. Kulilima kwaweza kulilinda. Lakini lisilimwe ila mbele ya baraza zima, kwa mimea ya msimu tu, kwa msimu mmoja mmoja, na mipaka iandikwe kabla ya jembe la kwanza. Tafuteni ndugu wa mwenyewe, hata kama yuko mbali, ajulishwe. Sehemu ya mavuno, tuseme moja ya tatu, iwekwe kwa jina lake mikononi mwa mtu anayeaminiwa na pande zote. Siku atakaporudi apate udongo wake, na gunia lake, na kaye ya kusoma. Mtu aliyepokelewa namna hiyo hana sababu ya kutafuta panga.

Bado jambo moja, ambalo jamaa nyingi zinalisahau kwa sababu linaonekana kuwa baraka tupu. Huenda habari njema ikafika katikati ya msimu: njia imefunguka, watu wanarudi kwao. Maharagi yako yana mwezi mmoja na nusu. Usiyang'oe, na usimwuzie mtu wa kwanza anayepita. Nenda kwa mwenye shamba pamoja na mashahidi wenu, mhesabu kazi iliyofanywa na kazi iliyobaki. Kama kupalilia na kuvuna kumebaki kwake, ni haki aongezewe. Wengine hukubaliana aliyelima achukue moja ya tatu badala ya nusu. Andikeni nyuma ya karatasi ileile jina la mtu atakayepokea sehemu yenu, mtu anayebaki kijijini, na namna atakavyowafikishia: kwa gari la soko, au kwa kuuza na kutuma feza. Mwenye kupokea naye atie kidole.